Irabu ni Wageni

Fundi hakujua Kiingereza, na karibu kila Jumamosi alinishinda kwa Kiingereza. Naanza hapo kwa sababu ndipo hasira yangu naye ilipoanzia, na sitaki mtu adhani nilimpenda tangu siku ya kwanza. Mimi ni mwalimu wa lugha. Nilitoka Mombasa kuja Kampala kufundisha Kiswahili katika shule moja ya Ntinda, na Kiingereza nimekisoma mpaka kikanitoka puani. Halafu naketi mbele ya fundi saa Mkongomani, mtu ambaye kwa Kiingereza hawezi hata kuagiza chai, ananipangia "aerie" ubaoni, anabonyeza saa ya mchezo, ananitazama. Ningeelewa kama angekuwa anabahatisha, lakini hakuwa anabahatisha.

Mchezo wetu ni skrabo, ule wa kupanga maneno kwa vigae vya herufi. Tulicheza chumba cha juu cha mkahawa mmoja wa Ntinda, ambao mwenyewe alituachia nafasi watu wa chakula cha mchana wakishaondoka. Tulikuwa wanafunzi wa chuo, makarani wawili watatu, mimi, na mwenyekiti wetu, polisi mstaafu tuliyemwita Afande. Chumba kile alikiendesha kama kituo chake cha zamani. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, na l na r zilikaa popote zilipopenda. "Mfuko juu ya macho!" alikuwa akisema mtu akichota vigae. "Fanya halaka, saa nakwenda!" Na mchezo ukiisha, aliyebaki na vigae hakuruhusiwa kuvimwaga tu mezani. Afande alitaka mtu avigeuze, avitaje mwenyewe kwa sauti, herufi moja moja, wote wasikie, kwa sababu aliwahi kukamata wezi wengi maishani na hakuona kwa nini wacheza skrabo wawe watu tofauti.

Fundi hakuhitaji kukumbushwa. Alikunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, akainua mfuko, akageuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano, akachota. Sijawahi kuona mtu mwaminifu kwenye mchezo kama yule, wala sijaona mtu mwenye kuudhi kama yule akishinda, maana alikuwa akivuma wimbo puani, taratibu, huku wewe unahesabu hasara yako.

Kwa asiyeujua mchezo, niseme hivi. Kila mtu ana vigae saba mbele yake, na balaa kubwa ni irabu zikikujia zote. A, E, I, O na U zina alama moja moja tu, na Kiingereza hakipendi kuziweka pamoja. Sisi wengine tukizipata nne au tano tulizirudisha mfukoni, zamu ikapotea. Fundi hakurudisha hata siku moja.

"Irabu ni bageni, Madamu," aliniambia nilipomuuliza siri yake. "Wawili ni baraka. Watano ni njaa. Lakini mugeni hafukuzwi. Unamutafutia kwenye atalala."

Na yeye alikuwa na vitanda vya kutosha. Alijua "eau", "aioli", "adieu", "ourie". Alijua pia yale marefu ambayo humaliza vigae vyote saba kwa mpigo na kumpa mtu zawadi nono ya alama: "sequoia", "aeolian", "uraemia". Ukimwona ameshika shavu na kufumba jicho moja, jua umekwisha.

Kibanda chake kilikuwa Old Kampala, kwenye baraza ya duka la zamani la Wahindi, chini ya ule msikiti mkubwa. Nilikwenda huko mara ya kwanza kumpelekea saa ya marehemu baba iliyokuwa imekataa kutembea. Nikasikia kwaya kabla sijaona mtu. Fundi ameinama na lenzi yake jichoni, bisibisi mkononi, na pembeni yake mkewe, Mama Neema, amekaa kwenye kigoda katikati ya vitenge anavyouza. Wote wawili walikuwa wanakwaya wa kanisa lao la Wakongomani, na wimbo ulikuwa wa kanisani kweli. Lakini maneno yalikuwa vigae. Fundi alitaja herufi moja moja, polepole, kwa sauti nzito: S, E, Q, U, O, I, A. Kisha akanyamaza. Na katika ule ukimya Mama Neema, bila kuinua macho kwenye kitambaa, akaitikia neno zima kwa sauti ya pili: "Se-quo-i-a."

Waliyasoma kama yalivyoandikwa, kila irabu na haki yake, kama tunavyosoma Kiswahili. Ndiyo maana yaliimbika. Yangekuwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, yenye konsonanti zilizobanana, wasingeweza. Haya ya Fundi yalikuwa wazi kila upande, na muuza viatu wa jirani alidhani miaka yote ile ni Kilingala cha ibada. Niliimba nao kidogo siku ile. Nakumbuka tulifika kwenye "u-ra-e-mi-a" na Mama Neema akalivuta lile la mwisho mpaka pumzi ikamwishia, akacheka.

"Wewe huchezi, Mama Neema?" nilimuuliza.

"Miye naimba tu, dada," alisema. "Vita ni ya kwake."

Saa ya baba ilitengenezwa, lakini sikupewa hivi hivi. Fundi hakumpa mtu saa yake kabla ya kumfungulia tumbo lake na kumweleza kila kitu kilichomo: hili gurudumu linasukuma lile, huu uzi ndio roho, hiki kipande kidogo ukikiona unadhani ni takataka lakini bila hiki hakuna kitu. Wateja wenye haraka walimtukana kwa Kiganda. Yeye hakujali. Alisema mtu hawezi kuvaa mkononi kitu asichokijua kazi yake. Na Kiswahili vilevile. Ukimsalimia "habari" na kupita, alikuita urudi: habari ya nini, ya nyumba, ya kazi, ya nani? Alikuwa mtu wa maana katika kila kitu isipokuwa Kiingereza.

Hilo ndilo lililonikera mimi. Siku moja alipanga "eulogia", nikakataa, tukaangalia kwenye orodha ya maneno, lipo, nikapoteza zamu. Nikamuuliza kwa hasira, "Fundi, maana yake nini?"

"Sijue."

"Unawezaje kujua neno usijue maana yake?"

"Maana inakula nafasi, Madamu. Kichwa ni kama hii meza yangu. Nikiweka maana ya kila neno, bisibisi nitaweka wapi?"

"Basi nikuambie mimi."

Akaziba masikio kwa viganja, kweli kweli, mbele ya watu, mtu mzima na mvi zake. Chumba kizima kilicheka. Afande akasema Fundi ni kama askari wa zamani, anabeba bunduki bila kuuliza imetengenezwa wapi. Nami nilicheka, lakini moyoni nilimwona kama mtu anayeingia nyumba za watu gizani, anachukua vyombo, hajui hata sura ya mwenye nyumba. Nilimwambia hivyo. Akasema nyumba ya Mwingereza ni kubwa, hawezi kukosa vyombo viwili vitatu.

Tuliendelea hivyo miaka mingi, mimi na maana zangu, yeye na irabu zake. Alikuwa na ukaidi ambao sikuupenda na upole ambao niliupenda, na mara nyingi vyote viwili vilitokea katika dakika moja. Alikuwa akinishinda, kisha ananisindikiza mpaka kwenye boda na kumwonya dereva asikimbie.

Ilikuwa likizo ya shule, nami nilikuwa kwetu Mombasa. Niliporudi, nilipanda ngazi za mkahawa Jumamosi ile na maneno mapya niliyojifunza kwa ajili ya Fundi tu. Afande alinikuta mlangoni, amevua kofia.

"Madamu, bibi ya Fundi alikufa," alisema. "Sisi nazika yeye juzi. Twende."

Mchezo haukuchezwa siku hiyo. Tulikwenda Old Kampala, tukamkuta Fundi kwenye chumba chao nyuma ya duka, amekaa sakafuni juu ya mkeka. Binti yao, Neema, aliyekuwa amekuja kutoka makazi ya wakimbizi alikoolewa, alikuwa nje akipika sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya wanakwaya. Fundi alikuwa akimweleza kila aliyeingia jinsi ilivyotokea. Alieleza vilevile kila mara, mwanzo hadi mwisho, kama anavyofungua tumbo la saa. Tulipoketi, akaanza upya kwa ajili yetu.

Mama Neema alianza kuvimba miguu. Kisha mwili ukawa unamwasha, chakula hakitaki, anasema mdomo una ladha ya sarafu. Wakaenda kwenye zahanati moja ya binafsi. Wakachukuliwa damu, wakaambiwa warudi. Waliporudi waliingizwa kwa daktari kijana, binti mwenye haraka, na foleni nje ilikuwa inafika barabarani. Mama Neema hakujua Kiingereza wala Kiganda. Fundi naye mnamjua.

"Dokta akaona hatusikilizane," alisema Fundi. "Akasema ataita askari wa mulangoni, juu askari anajua Kiswahili. Akasimama kabisa, akashika mulango. Miye nikaangalia karatasi yake kwenye meza. Ilikuwa imegeuka, inamuangalia yeye. Lakini miye ninasoma kwa kugeuka, munajua."

Tulijua. Sisi sote tunasoma hivyo. Ukikaa mbele ya mtu na ubao katikati, jicho linazoea kusoma maneno yaliyosimama juu chini.

"Nikaona neno letu. Nikamuambia dokta acha, acha askari, nalijua. Nikamutajia. U, R, A, E, M, I, A. Hata sikuangalia karatasi tena. Na Mama akaitikia. Palepale, mbele ya dokta. Akaitikia, tukacheka sisi wote watatu."

Nje Neema alikuwa akitwanga, na mtwangio ulisikika wazi.

Daktari aliachia mlango, akarudi kuketi. Alimuuliza Fundi kama yeye pia ni mtu wa hospitali. Fundi alielewa neno "hospitali", akasema ndiyo, maana walikuwa hospitali. Basi yule binti akafurahi kupata mtu anayeelewa, akasema naye kwa Kiingereza cha haraka, cha wenzake, akahesabu mambo kwa vidole, akaandika, akamuuliza mwishoni kama amefahamu. Fundi alikubali kila kidole. Alisema hakuogopa hata kidogo. Neno lilikuwa la nyumbani. Alikuwa amelaza irabu ndani yake mara nyingi, limemletea ushindi mara nyingi, na mkewe alikuwa analiimba kila siku ya Mungu. Ubaya ungetoka wapi?

Wakarudi nyumbani. Akamnunulia ndizi mbivu na machungwa ili apate nguvu, akamwekea kigoda chake kivulini, akamwambia apumzike. Siku zikapita. Siku aliyoshindwa kuamka wakampeleka hospitali kubwa, na huko wakampata muuguzi Mnubi, mwanamke wa makamo, aliyesoma zile karatasi na kumweleza Fundi kwa Kiswahili: figo zake zimekufa, uchafu wote umerudi kwenye damu, ndiyo maana ya hili neno hapa. Alitakiwa aletwe siku ileile, awekwe kwenye mashine. Na matunda yale alikatazwa. Je, hawakuambiwa?

"Nikamuambia, tuliambiwa," alisema Fundi. "Tuliambiwa yote, mama. Miye ndiye nilikatala askari."

Hapo ndipo alipomalizia kila mara. Hakumlaumu yule binti daktari, wala hakumlaumu Mungu, na mchungaji wao alipotaka kusema ni mapenzi yake, Fundi alimkatiza kwa adabu akasema hapana, Baba, hii Mungu hakuwa ndani ya chumba, tulikuwa watu watatu. Mimi nilimkasirikia. Niseme ukweli, nilimkasirikia pale pale matangani, kwa yale masikio aliyoyaziba mbele yangu, na nilitaka kumshika mabega na kumtikisa. Halafu nikamwona amekaa na mikono imefunguka mapajani, haina kazi, nikalia mimi badala yake. Yeye hakulia. Afande alitoka nje akasimama ukutani kwa muda mrefu.

Baada ya hapo Fundi alirudi kazini, lakini baraza ilikuwa kimya. Neema alichukua vitenge vilivyobaki, akaacha kigoda. Muuza viatu aliniambia kwamba mteja mmoja alitaka kukikalia wakati anangoja saa yake, na Fundi akampa kiti chake yeye mwenyewe, akafanya kazi amesimama. Aliwaeleza bado watu magurudumu yao. Ila sasa aliwaeleza mara mbili, kisha akawauliza wamesikia nini, na asiyeweza kurudia hakupewa saa. Wengine waliacha kwenda kwake. Nilipita pale mara kadhaa, tukasalimiana, habari ya nyumba, ya kazi, nikaenda zangu.

Kiti chake kule Ntinda, Afande alikilinda. Mwanafunzi mgeni akikikaribia aliambiwa, "Hiyo kiti ya Fundi. Toka." Tulidhani ni heshima tu ya marehemu, ingawa Fundi hakuwa marehemu.

Kisha akaja. Ilikuwa msimu wa mvua, alasiri, maji yanatiririka barabarani na magari yamekwama, na wengi hawakufika. Alipanda ngazi na koti limelowa, amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Akamsalimia Afande, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Madamu, cheza na miye. Lakini leo kila neno ninaweka, unanambia maana yake."

"Fundi," nilisema, "huna haja ya kufanya hivyo."

"Nataka kujua tulikuwa tunaimba nini," alisema.

Akakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Akainua mfuko juu ya macho.

Alipanga "aerie". Nikamwambia ni kiota cha tai, juu kabisa kwenye jabali, mahali mtu hafiki. Akalitazama neno lile kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Saa ilikuwa inatembea upande wake, na kwa sheria zetu mazungumzo hayasimamishi saa. Nilimwona Afande akifungua kinywa, nikajua anataka kusema "saa nakwenda". Badala yake alikuja, akanyoosha kidole, akaisimamisha saa kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kutazama mvua dirishani. Sikuwahi kumwona akivunja sheria kabla ya siku hiyo.

Alipanga "aioli". Nikamwambia ni mchuzi mzito wa mafuta na kitunguu saumu.

"Kitunguu saumu?" Akacheka, cheko fupi, la kukosa pumzi. "Mama hakupenda kitunguu saumu hata kidogo. Na alikuwa anaimba kama malaika."

Aliniuliza "sequoia", ingawa hakuwa nayo mkononi. Mti mkubwa sana wa Marekani, nilisema, unaishi kuliko watu wote. "Aeolian"? Kitu cha upepo, kinacholetwa na upepo. "Ourie"? Nikamwambia sijui, nami pia nalijua kwa vigae tu. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile kama zamani, kwa utani kidogo. "Adieu" hakuliuliza. Lile ni neno la Kifaransa la kuagana, na Kifaransa alikijua.

Tuliendelea polepole, mimi nikiwa mbele kidogo. Mfuko uliisha. Nilikuwa na vigae vichache, nikapanga "are" kwenye kona, na mara tu nilipoondoa mkono nikaona kosa langu: chini yake kulikuwa na mstari mzima mtupu, na neno refu lenye kuishia na A lingekaa pale, likageuza "are" yangu kuwa "area", likanimaliza. Fundi mwingine, yule wa zamani, angefumba jicho moja. Huyu alitazama mstari ule, akatazama vigae vyake, akasema, "Napisha," akaniachia zamu.

Nikadhani amebaki na takataka. Nikapanga kigae kimoja, nikibakiza kingine. Akapisha tena. Nikamaliza.

Sheria yetu ni kwamba aliyemaliza huchukua alama za vigae vya mwenzake, mara mbili. Afande alikuja na kalamu, akasimama kando yetu, na kwa mazoea tu akasema, "Geuza, Fundi. Taja."

Fundi alikigeuza kibao chake cha vigae kuelekea kwangu. Vigae vyake vilikuwa saba, vimepangwa tayari, havikuhitaji kusogezwa hata kimoja. Kwangu vilikuwa vimesimama sawasawa. Kwake sasa vilikuwa juu chini, kama vile siku ile mezani kwa daktari.

"Hili usinambie, Madamu," alisema. "Hili moja niko najua."

Nilimwambia Afande aache, kwamba sizitaki alama zile, mchezo umekwisha. Kalamu ya Afande ilikuwa imeganda kwenye karatasi. Fundi ndiye aliyesema sheria ni sheria, akaweka kidole kwenye kigae cha kwanza, akavitaja, polepole, kwa ile sauti yake nzito. U. R. A. E. M. I. A.

Kisha akanyamaza, kama alivyozoea kunyamaza, kumpa nafasi wa kuitikia.